Pasta, nimefunga siku 21 na hakuna kilichobadilika

Swali: "Pasta, mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Majengo hapa Goma. Mume wangu alifariki mwaka 2024, kwenye barabara ya Sake. Januari 2025, vita vilipoingia mjini, kibanda changu cha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, kule Birere kiliporwa chote, na dola kidogo tulizokuwa tumeweka ziko kwenye benki iliyofunga milango. Mtumishi mmoja wa Mungu aliniambia nifunge siku 21 na nitoe mbegu, kabla ya Pasaka machozi yangu yatafutwa. Nilifunga. Nilitoa. Pasaka imepita. Sasa nikitaka kusali, mdomo hautoi kitu. Kwenye kwaya naimba kwa midomo tu, naona nawadanganya wenzangu. Je, nimepoteza imani? Nitapataje tumaini tena wakati hakuna hata kitu kimoja kinachonionyesha kwamba kesho itakuwa afadhali?"

Mama, pole. Pole kwa mume wako kwanza, maana naona katika barua yako umempitia haraka, kwa mstari mmoja, ukakimbilia sambaza na benki. Nitarudi kwake.

Nimesoma barua mara tatu, na mara ya tatu nilisimama kwenye neno "nawadanganya". Aliyepoteza imani haoni haya kwa sababu anaimba kwa midomo tu. Anaacha kwaya, Jumapili analala, mambo yameisha. Wewe bado unavaa sare, unapanda, unasimama kwenye mstari wako, na inakuuma. Kwa hiyo jibu fupi ni hapana, hujapoteza imani. Jibu refu inabidi lianzie kwa yule mtumishi, kwa sababu naona maneno yake yamekuumiza kuliko wale waliobeba sambaza zako.

Fungua Yeremia sura ya 28. Kuna nabii anaitwa Hanania, mtu wa Gibeoni. Wakati huo Babeli ilikuwa imekwisha kuchukua watu wa kwanza wa Yerusalemu pamoja na vyombo vya hekalu. Hanania alisimama hekaluni, mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza: miaka miwili, na vyote vitarudi, watu na vyombo. Yeremia alikuwa amevaa nira ya mti shingoni kama ishara kwamba utumwa utaendelea. Hanania akaivua shingoni mwake akaivunja. Wewe ni mtu wa kwaya, unaweza kusikia vigelegele vya siku ile bila mimi kukueleza.

Sasa angalia Yeremia alivyomjibu kabla nira haijavunjwa. Alisema, "Amina." Aliomba Bwana afanye kama Hanania alivyosema. Hata yeye alitamani iwe kweli! Mimi pia, mama, kama mtu angesimama kesho katikati ya mzunguko wa Chukudu na kutangaza kwamba mambo yote ya Goma yataisha kabla ya Noeli, ningesema Amina kwa sauti. Kutamani si dhambi, na wewe hukukosea ulipotamani. Lakini ahadi ya Hanania haikutoka kwa Mungu, na Yeremia alimwambia hivyo waziwazi: umewatumainisha watu hawa maneno ya uongo.

Baada ya hapo, sura ya 29, Yeremia anawaandikia barua wale waliohamishwa. Humo ndimo mlimo mstari unaoujua kwa kichwa, ule unaochapwa kwenye kalenda na kubandikwa kwenye vioo vya teksi: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi." Mstari wa 11. Watu wetu wameupenda sana, na huwa nawauliza mstari wa 10 unasema nini. Kimya. Unasema miaka 70. Aliyepokea barua ile akiwa na miaka arobaini alielewa mara moja kwamba yeye hatarudi. Ndiyo maana barua inaanza na mambo ya kukaa: jengeni nyumba, pandeni bustani mle matunda yake, oeni, mwombeeni amani mji ule mliomo. Na Kiswahili chetu kinatusaidia pale ambapo lugha nyingine zinaficha: imeandikwa ninyi, haikuandikwa wewe. Ahadi ile walipewa watu kwa wingi wao, wazee wangeishika mkono mmoja na wajukuu mkono mwingine. Mwaka 538 kabla ya Kristo mfalme Koreshi wa Uajemi aliporuhusu watu kurudi, wengi walioondoka walikuwa wamezaliwa hukohuko ugenini.

Najua hii si habari tamu kwa mtu aliyefunga siku 21. Lakini nataka uone kilichotokea. Ulipewa tarehe, ukaambiwa hilo ndilo tumaini. Tarehe ilipopita, ukadhani tumaini limekufa na Mungu naye amekwenda. Ile mbegu uliyotoa usiihesabu kama deni ambalo Mungu amekataa kulipa. Yeye hakuwepo kwenye mapatano hayo. Na mtu yeyote akija kukuambia kwamba ulifunga vibaya, au kuna laana nyumbani inayohitaji siku nyingine 21 na bahasha nyingine, msikilize kwa kiasi kile Ayubu alichowasikiliza rafiki zake. Wale walikaa naye siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Kwa maoni yangu ndizo siku pekee walizomfaa.

Unasema mdomo hautoi kitu. Nadhani unajaribu kutoa kitu ambacho huna, yaani shukrani na ushindi, kwa sababu siku hizi ibada zetu nyingi hazina nafasi ya kitu kingine. Zaburi zina nafasi. Katika zile 150, karibu theluthi moja ni malalamiko: watu wanaomuuliza Mungu yuko wapi, kwa nini amelala. Ya 88 ndiyo nzito kuliko zote. Haigeuki. Nyingi hulia halafu mwishoni husifu, lakini ile inaanza kwa kilio na katika Kiebrania neno lake la mwisho kabisa ni giza. Sasa soma maandishi madogo yaliyo juu yake: wimbo, wa wana wa Kora, kwa mwimbaji mkuu. Ni wimbo wa kwaya, mama! Watu walisimama hekaluni wakiwa na sauti zao nne au sijui ngapi, wakaimba kitu kinachoishia gizani, kisha wakarudi nyumbani, na hakuna aliyewaambia kwamba wamekosa imani. Na Bwana wetu msalabani alipotafuta maneno, aliyachukua kutoka Zaburi ya 22: Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?

Kwa hiyo ukishindwa kusali, lalamika. Kwa Kiswahili cha nyumbani, au Kihunde, au Kinande, au lugha yoyote uliyokuwa ukimlilia nayo mama yako. Mwambie Mungu habari za benki. Mwambie jina la mume wako.

Hapo sasa narudi kwake. Kwenye matanga watu walikuambia nini? Huwa nawasikia: usilie sana, ni mapenzi ya Mungu, sisi Wakristo hatulii kama watu wa mataifa. Wanataja 1 Wathesalonike 4:13. Lakini Paulo anasema tusihuzunike kama wengine wasio na matumaini. Hakusema tusihuzunike. Lazaro alipokufa, Martha na Mariamu, kila mmoja kwa wakati wake, walimwambia Yesu sentensi ileile, na ukiisoma taratibu ni lawama: Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa. Hakuwakemea. Na ingawa alijua kwamba muda mfupi baadaye angemwita Lazaro atoke kaburini, alipofika pale alilia machozi. Huwa najiuliza ni kwa nini alilia wakati jibu lilikuwa mkononi mwake, na sijapata maelezo yanayonitosha, ila naona kwamba kujua ufufuo hakukumzuia kulia. Tumaini la Kikristo, kwa undani wake, ni hilo la kaburi la Yesu kukutwa wazi siku ya kwanza ya juma. Mambo ya biashara kufunguka na barabara kufunguka ni mema na tunayaomba, lakini hayo yote yakifunguka mume wako bado atakuwa ardhini, na tumaini lisilomfikia yeye pale alipo ni dogo mno kwako.

Kuna kijana wa mji huu, Floribert Bwana Chui. Mimi si Mkatoliki, lakini nachukua mfano popote ulipo. Alifanya kazi kwenye ofisi ya kukagua bidhaa mpakani, akapewa hongo ili apitishe vyakula vilivyoharibika, akakataa kwa sababu vingeliwa na watu. Julai 2007 alitekwa akauawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, katika miezi ileile ambayo sisi hapa hatukuwa tukilala vizuri, kanisa lake lilimtangaza mwenye heri kule Roma. Tumaini lake halikumpa maisha marefu. Lilimwezesha kusema hapana siku moja kazini, na watoto fulani wa Goma, ambao hata hawajijui, hawakula chakula kibaya.

Nina swali ambalo linaonekana si la kiroho. Unalala saa ngapi? Unakula? Eliya, baada ya ushindi wake mkubwa kule Karmeli, alikimbia jangwani, akaketi chini ya mretemu akaomba afe. Yatosha, alisema. Malaika aliyetumwa hakuleta mahubiri. Alimgusa akamwambia inuka, ule, na pale kichwani kulikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akalala tena. Akaamshwa mara ya pili, akala tena. Ni baada ya mikate miwili na usingizi, na safari ya siku arobaini, ndipo Mungu alipozungumza naye habari za kazi. Wewe umefunga siku 21 juu ya mwaka wa njaa na msiba. Kwa hiyo nakwambia kama mchungaji: kwa sasa usifunge tena. Kula bugali yako na sombe, na hizo sambaza ukipata.

Na kama zimepita wiki mbili au zaidi usingizi hauji, au unaamka saa tisa usiku moyo unakimbia, chakula hakina ladha, watoto wakikuita unasikia kama wako mbali, basi huenda huzuni imegeuka ugonjwa. Ugonjwa huo unatibika. Nenda kituo cha afya, uwaambie waziwazi, usiseme tu kichwa kinauma. Hapa mjini kuna Tulizo Letu, kituo cha afya ya akili cha Mabruda wa Upendo. Najua watu husema ni kwa ajili ya wendawazimu, waache waseme. Daktari Mukwege, aliyeanzisha hospitali ya Panzi kule Bukavu, ni mtoto wa pasta, naye mwenyewe huhubiri, na katika hospitali hiyo matibabu ya mwili yanakwenda pamoja na mwanasaikolojia, mwanasheria na msaada wa kuanza maisha upya. Mtu anayeamini maombi hakuona kwamba maombi yanafuta hayo mengine.

Nikuulize na hili, kwa sababu nikinyamaza nitakuwa sikukupenda: umewahi kufikiri kwamba ni afadhali ufe, au umeangalia ziwa ukawaza? Kama ndiyo, mwambie mtu mmoja leo, kabla jua halijazama, dada yako au jirani au mama wa kwaya, naye alale kwako usiku huu. Asubuhi akupeleke kwa daktari. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kule Asia walilemewa kupita nguvu zao hata wakakata tamaa ya kuishi. Aliandika hivyo kwenye barua ya kusomwa mbele ya kanisa zima, kwa hiyo wewe nawe unaweza kumnong'oneza mtu mmoja.

Kukata tamaa. Tunasema hivyo kila siku bila kusikia tunachosema, kana kwamba kuna kamba mahali na mtu ameikata kwa kisu. Waebrania wana neno *tikva*, maana yake tumaini, na neno hilohilo linatumika kwenye Yoshua sura ya 2 kwa ile kamba nyekundu ya Rahabu wa Yeriko, aliyoambiwa aifunge dirishani ili nyumba yake iokolewe. Fikiria mwanamke yule. Nyumba yake iko ukutani, mji umezingirwa, siku saba askari wanauzunguka na tarumbeta. Hana habari yoyote mpya. Amefunga kamba dirishani na amekusanya baba, mama na ndugu zake ndani ya nyumba moja, basi. Sijui kama alikuwa na amani moyoni. Biblia haisemi. Inasema kamba ilikuwa dirishani.

Ndiyo maana sitakuambia ujitahidi kuhisi tumaini. Yeremia mwenyewe, sura ya 32, akiwa amefungwa katika uwanja wa walinzi na Wakaldayo, yaani jeshi la Babeli, wako nje ya kuta, alinunua shamba Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Shamba ambalo pengine adui alikuwa amelala juu yake usiku ule. Alilipa, akapima fedha kwenye mizani, akaita mashahidi, hati akaamuru iwekwe katika chombo cha udongo ili idumu. Na baada ya kumaliza yote ndipo akaanza kumuuliza Mungu: uliniambia ninunue, na mji ndio huu unaanguka? Alinunua kwanza, wasiwasi ukaja nyuma.

Mwaka 2002 mimi nilikuwa kijana. Tarehe 17 Januari volkano ya Nyiragongo ilipopasuka, tulikimbilia Gisenyi pamoja na mamia ya maelfu ya watu, na siku chache baadaye tukarudi kwa miguu juu ya mawe ambayo bado yalikuwa ya moto. Kandambili zangu zililainika zikanata. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu lilikuwa limeliwa. Mtaa wetu ulikuwa uwanja mweusi, hujui jikoni lilikuwa wapi. Baba alitembea akihesabu hatua kutoka kwenye nguzo moja ya umeme iliyobaki imeinama. Akasimama. Akaokota makoro manne, yaani mawe ya lava, akayaweka pembe nne, akakaa katikati bila kusema kitu. Mama alimuuliza, "Papa, unafanya nini?" Akasema, "Hii ni parseli yetu." Hakuwa mtu wa dini sana, baba yangu. Mimi naishi kwenye kiwanja hicho mpaka leo, na bustani ya mke wangu iko kwenye udongo tulioubeba kwa magunia na kuumwaga juu ya makoro.

Basi wewe tafuta jiwe la kwanza. Sisemi kibanda kizima, wala usikope dola kwa watu wa riba. Una wenzako wa zamani wa likelemba, kile kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu. Wachache wamebaki, waite hata watatu. Beseni moja la sambaza, watu watatu, mnagawana faida na hasara. Mkubwa wako kama yuko nyumbani bila shule, jioni awafundishe wadogo kusoma, hata saa moja. Hayo hayataleta amani Kivu. Ni kamba dirishani.

Kuhusu kwaya, usiache. Katika Marko 2 watu wanne walimbeba mwenzao aliyepooza, wakabomoa dari wakamteremsha kwa Yesu, na Marko anaandika kwamba Yesu "alipoiona imani yao". Yao. Ya yule kwenye godoro haikutajwa. Labda alikuwa nayo, labda alikuwa amechoka kama wewe. Umeimba miaka mingi kwa ajili ya watu waliokaa kwenye benchi wakishindwa kufungua mdomo. Acha alto wenzako wakubebe majira haya. Ila mwambie kiongozi wa kwaya hali yako, asije akakupa solo.

Usiku huu, watoto wakilala, soma Zaburi ya 13. Ina mistari sita. Soma miwili ya kwanza tu, kwa sauti: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Mle ndani kuna "hata lini" nne, zihesabu. Usijilazimishe kufika kwenye ule wa mwisho unaoimba. Minne iliyobaki tutaisoma pamoja ukija. Alhamisi huwa nipo kanisani tangu saa tatu asubuhi, hakuna bahasha wala orodha, na mama anayefagia uwanjani atakuonyesha mlango. Njoo na picha ya mume wako kama unayo.